Naombeni ushauri: dola 2,800 mtoto acheze besiboli, nitoe?

Mama Kijana
Wakuu habari zenu. Nipo Ohio mwaka wa sita sasa. Kijana wangu ana miaka 11, anarusha mpira balaa. Kuna timu ya kusafiri, ile inayozunguka miji kushindana, imemtaka. Ada ni dola 2,800 kwa msimu, hapo bado hoteli na mafuta, na gongo la kupigia lilikuwa 350. Mtaani kuna Little League, ligi ya watoto, ya dola 120, ila makocha ni akina baba wa kujitolea, naona ataoza pale. Nimpeleke wapi? Usiku silali.

Bwana Mzofafa
Gongo dola 350?? Dada rudi nyumbani, huku unapata dumu zima na mtaa mzima tunalewa.

Ustadhi wa Pwani
Miaka 11 mpeleke chuo akahitimu Juzuu Amma. Wikendi nzima barabarani, ataswali saa ngapi?

Kocha wa Mchangani
Dada, hao akina baba usiwadharau. Little League ilianza 1939 Williamsport, Pennsylvania, kwa ajili ya watoto wa mtaa. Wazazi ndio makocha, ndio wanaofyeka nyasi, ndio wanaouza soda. Kanuni yao ni kwamba mtoto hazuiwi kucheza eti mzazi kakosa ada. Nenda kaulize, na uulizie glavu za kuazima, ligi nyingi zina stoo. Watoto wa Lugazi, Uganda, walifika Kombe la Dunia la hao hao Little League 2012. Nani aliwalipia hiyo timu ya kusafiri?

Mtoto wa Azania
Umenikumbusha mbali. Pale shuleni Azania, Dar, kuna uwanja wa besiboli, msaada wa Wajapani, ulifunguliwa 2018. Glavu hazikututosha. Zamu yetu ya kupiga ikifika tunaziacha chini pale pale uwanjani, wapinzani wanakuja kuzivaa zikiwa bado na jasho letu. Mimi wa mkono wa kushoto nilivaa ya wanaorusha kwa kulia miaka miwili, kidole gumba mpaka leo kimepinda. Siku tuliyowafunga...

Bi Mswafi
Hadithi nzuri, ila mwenye uzi hajasema hela ipo au haipo.

Mama Kijana
Ipo.

Bi Mswafi
Yako?

Mama Kijana
Sasa mbona mnanihoji kama polisi? Haya. Ni ya mchezo wa kupeana hela. Tuko wanawake 10, dola 200 kila mwezi, kijumbe mshika hela ni mimi. Nimechukua 900 tu ya kianzio, na kianzio hakirudishwi. Sijaiba, nimeazima. Zamu ya mwenzetu ni tarehe 15, na serikali ikinirudishia hela ya kodi naziba pengo kabla hajaona. Kocha kasema bila timu hii mtoto hatoonekana na vyuo.

Bi Mswafi
Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri. Umekuja kuombewa dua.

Kocha wa Mchangani
Miaka 11 aonekane na chuo gani?

Mpekuzi
Wakuu, mnanyweshwa chai ya rangi hapa. Huyu huyu mwaka jana alifungua uzi wa kuuliza bei ya mashine ya kusaga Tegeta, akasema ni kijana wa miaka 26, hajaoa. Leo ni mama, yuko Ohio, na ni kijumbe.

Bwana Mzofafa
😂😂 Nimekaa paleee.

Mama Kijana
Akaunti ilikuwa ya mdogo wangu, kanirithisha. Sina muda wa kutunga.

Mtoto wa Azania
Na mimi nilishaanza kumhurumia mtu wa Tegeta.

Kocha wa Mchangani
Hili jepesi. Dada, shuka uangalie gongo la mtoto, pale juu ya mpini pameandikwa nini?

Mama Kijana
Lipo kwenye gari. Subirini.

Mama Kijana
Nimerudi, baridi kali. Kuna mhuri wa USSSA, halafu 1.15 BPF.

Kocha wa Mchangani
Basi ni mkweli. USSSA ni mhuri wa mashindano ya timu za kusafiri, na BPF ni kipimo cha gongo linavyorusha mpira, hilo mtu wa Tegeta halijui. Ila dada, kuna jambo. Tangu 2018 Little League wanataka gongo lenye mhuri wa USA Baseball. Hilo lako ukimpeleka mtaani hawalipokei.

Bi Mswafi
Lirudishe dukani.

Mama Kijana
Risiti nimetupa. Na hiyo 350 sikuihesabu kwenye ile 900.