Tupeane uzoefu: ulipojua tabia ya mwanamuziki, wimbo wake ulibadilika masikioni mwako?

MpendaSebene (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu.

Mada ya "tutenganishe kazi na mtu" imeshajadiliwa sana, na kila mara inaishia watu kurushiana maneno. Safari hii naomba tuache kanuni, kila mtu aeleze kilichompata yeye. Ulimpenda mwanamuziki, ukaja kuijua tabia yake, iwe mbaya au nzuri. Baada ya hapo masikio yako yalifanya nini?

Naanza mimi. Nimekulia Kigoma, redio za ng'ambo ya ziwa zilikuwa zinaingia safi, kwa hiyo dansi la Kongo ndilo muziki wangu wa kwanza. Koffi Olomide na bendi yake Quartier Latin nilikuwa nawajua mpaka majina ya marapa. Julai 2016 ikasambaa video ikimwonyesha akimrushia teke mmoja wa wanenguaji wake pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Mwenyewe alikana, akasema alikuwa anamkinga binti na mtu aliyetaka kumwibia. Kenya ilimkamata, ikamfukuza nchini, na Kinshasa nako akakamatwa. Kisha Desemba 2021 mahakama ya rufaa ya Versailles, Ufaransa, ikampa kifungo cha nje cha miezi 18 kwa kuwazuia wanenguaji wanne bila hiari yao kati ya 2002 na 2006. Kwenye mashtaka ya kuwadhalilisha kingono aliachiwa. Na katikati ya hayo yote, Novemba 2020, ikatoka "Waah!" aliyoshirikiana na Diamond Platnumz, Afrika Mashariki nzima ikacheza.

Kwangu sauti haikubadilika. Ile besi yake ya kunong'ona naipenda hadi leo. Kilichobadilika ni macho. Zamani nikitazama video zake, wanenguaji walikuwa pambo la nyuma. Siku hizi ndio ninaowaangalia: huyu amelipwa? Pasipoti yake anaishika nani? Anaweza kusema "leo siendi" na bado kesho akawa na kazi?

Ndiyo maana siliweki jambo hili kapu moja na mwanamuziki mlevi au mwenye wanawake wengi. Hapa aliyeumizwa yumo ndani ya kazi ninayoifurahia. Furaha yangu inapita mgongoni kwake.

Nawasilisha. Karibuni.

KakaWaUmoja

Mimi niko Nairobi, na hiyo wiki nilikuwa na tiketi. Mama yangu ni shabiki wa lingala tangu enzi za kaseti, nilitaka kumpeleka onyesho la Koffi pale Bomas kama zawadi. Onyesho likafutwa. Nilidhani mama atasikitika kwa sababu ya onyesho. Alitazama ile video kwa simu yangu mara moja, akanirudishia simu, akaniambia, "Huyo msichana ana mama yake mahali."

Tangu siku hiyo hajawahi kuomba wimbo wa Koffi. Na hakukuwa na hotuba yoyote, wala hajawahi kutukataza sisi. Lingala nyingine zote anaendelea nazo, Jumapili asubuhi nyumba inatetemeka. Mimi mwenyewe bado nacheza za zamani nikiwa na marafiki, lakini nikiwa na mama kwa gari naziruka. Sijui kama hiyo ni heshima kwa mama au ni kwa yule msichana.

DJ_Kirumba

Napiga muziki kwenye maharusi na mahafali Mwanza na mikoa ya jirani. Kwa miaka mingi hakuna mahafali ya kidato cha nne yaliyokwisha bila "I Believe I Can Fly" ya R. Kelly, hata shule za dini. Wazazi wanasimama, watoto wanalia, wapiga picha wanagombania nafasi.

Septemba 2021 mahakama ya New York ikamtia hatiani, Juni 2022 akapewa miaka 30. Baadhi ya waliotoa ushahidi walikuwa wasichana wadogo alipoanza nao. Msimu wa mahafali uliofuata nikaalikwa shule ya wasichana, na wimbo ule uko kwenye ratiba. Nikaangalia wale mabinti na majoho yao, umri wao ni uleule. Nikamfuata mwalimu wa taaluma, nikamweleza kwa heshima. Alishangaa, hakuwa na habari ya kesi kabisa. Akaniuliza, "Sasa watoto waingie na nini?" Waliingia kwa kwaya yao wenyewe, na ilipendeza.

Shule nyingine nilipoleta hoja hiyohiyo, mkuu wa shule aliniambia nimekuja kupiga muziki, sikuja kuhukumu. Nikapiga, kazi ni kazi. Ila niliinamisha kichwa kwenye mashine mpaka ulipokwisha.

MzeeWaVinanda

Vijana, mnajitesa bure. Ukila ugali humuulizi mkulima kama anampiga mkewe.

Nizungumze kama mtu niliyepiga gitaa la ridhim bendi za mikoani. Nyie mnaona jina moja kwenye bango, mnadhani muziki ni wa mtu mmoja. TPOK Jazz, ile bendi ya Kinshasa, mnaiita ya Franco, lakini "Mabele" aliitunga Simaro Lutumba na akaiimba Sam Mangwana. Franco mwenyewe aliwekwa ndani mwaka 1978 kwa nyimbo zilizoonekana za matusi, na mwaka 1984 akaimba kumpigia debe Rais Mobutu. Haya, kwa sababu hiyo tumtupe na Simaro? Na wale wapiga tarumbeta, ambao hakuna anayewajua hata kwa sura, wamekosa nini? Ukimsusia kiongozi unawasusia watu ishirini.

MpendaSebene

Shikamoo mzee. Hoja ya wapigaji nimeipokea kwa mikono miwili, sikuwa nimeifikiria hivyo. Ya ugali naikataa. Mahindi hayaniimbii kwamba yananipenda wala hayanifundishi namna ya kuishi na mke. Mwimbaji ananiomba nimwamini kwa dakika nane.

BintiNgambo

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja, niko Muscat kwa kazi. Nitawaeleza kwa upande wa taarab, maana huko mambo yamekaa vingine.

Taarab ya kwetu mara nyingi mtunzi wa shairi ni mtu mmoja, mwimbaji mwingine, na mwenye wimbo usiku ule ni mtu wa tatu kabisa: yule anayenyanyuka kwenda kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa. Mwanamke anatoka kwenye kiti chake polepole, noti mkononi, anapita mbele ya mbaya wake makusudi, anamtunza mwimbaji pale kwenye ubeti unaomhusu. Kuanzia hapo ule ubeti ni wake. Ukumbi mzima unajua nani kaambiwa nini. Mwimbaji ana tabia gani nyumbani kwake, hakuna anayeuliza. Mama yangu mdogo alikuwa hamsemeshi mwimbaji mmoja kwa ugomvi wa mtaani, lakini akiimba wimbo wake alikuwa wa kwanza kusimama kutunza.

Ila kuna Bi Kidude. Huyu ndiye tabia yake ilikuwa muziki wenyewe. Akivuta sigara hadharani, akinywa hadharani, katika mji ambao bibi wa umri wake hatarajiwi hivyo, na wakati huohuo ndiye somo aliyewacheza unyago wari wangapi. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho makubwa ya muziki wa dunia, na hata baada ya hapo ukimkuta mtaani anakutania kama bibi yako. Alifariki Aprili 2013. Kuna waimbaji wana sauti laini kuliko yake, nakiri. Lakini nikimsikia yeye nasikia mtu asiyemuogopa yeyote, na mimi niliyekuja ugenini peke yangu nilikuwa naihitaji hiyo sauti. Ningekuwa simjui maisha yake, ningesikia tu bibi anayekwaruza.

BanaBukavu

Mimi mtoto wa Bukavu, naishi Brussels. Ndugu zangu, kwetu sisi wa nje jambo hili limefikia moto. Siku mwimbaji wetu Fally Ipupa alipopiga ukumbi wa Bercy, Paris, 28 Februari 2020, karibu na stesheni ya Gare de Lyon watu walichoma pikipiki na mapipa. Hao ndio tunaowaita combattants, Wakongo wa ughaibuni wanaoipinga serikali ya kwetu. Wanasema wanamuziki wa Kinshasa wanakula na wakubwa huku watu wa mashariki ya Kongo wanakufa. Kwa miaka mingi wasanii wakubwa wa Kongo walikuwa hawawezi kupiga Ulaya kwa amani. Onyesho la Fally liliendelea. Ndugu yangu mmoja alikuwa nje anapiga kelele, binamu yangu alikuwa ndani anacheza. Hawajasemeshana muda mrefu.

Mimi siko upande wa kuchoma. Lakini kuna kitu watu wa Tanzania na Kenya hamkisikii kwa sababu wengi hamuelewi Lingala: mabanga. Katikati ya sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, mwimbaji anataja majina, huyu tajiri, huyu waziri, huyu jenerali, na kutajwa huko watu wanakulipia. Sasa niambieni nitatenganishaje. Jina la mtu aliyefanya wazazi wangu wakimbie limo ndani ya wimbo, limepangwa kwa mdundo, limepambwa na gitaa tamu. Ninacheza, linatajwa, mguu unasimama. Wenzangu wa Dar wanaendelea kuruka, wanaona ni neno la kawaida tu. Nawaonea wivu, kwa kweli.

MamaKwaya

Nitasema kwa kifupi maana bado linaniuma. Kwenye injili hakuna kutenganisha. Kanisa letu hapa Dodoma tulimwalika mwimbaji ambaye nyimbo zake zilinishika nilipofiwa na mume. Alikuja amechelewa sana, akakataa kupanda madhabahuni mpaka pesa iongezwe, na vijana wa kwaya waliombebea vyombo akawatolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Halafu akapanda, akafumba macho, akalia machozi ya kweli kabisa.

Wimbo ule siuchezi tena. Sijaacha kuamini maneno yake, maneno ni ya Zaburi. Nayaimba mwenyewe jikoni, kwa sauti yangu mbaya.

Mngoni_Asilia

Mimi mpinzani wa kisiasa tangu vyama vingi vianze. Kapteni John Komba wa kundi la TOT (Tanzania One Theatre) alikuwa mwimbaji wa CCM, baadaye mbunge wao wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki Februari 2015. Majukwaani alikuwa ananikera. Lakini Oktoba 1999 Mwalimu alipofariki, zile nyimbo zake za maombolezo redioni zilinitoa machozi pamoja na baba yangu, CCM damu. Hadi leo zikipigwa kila tarehe 14 Oktoba nanyamaza nasikiliza. Msiba haukuwa wa chama.

NilikuwaJukwaani

Nimesoma mwanzo mpaka hapa, nikafuta nilichoandika mara kadhaa. Mimi nilikuwa mnenguaji. Bendi siitaji, kiongozi wake bado yupo hai na nina watoto.

Mazoezi mchana, shoo usiku hadi karibu na alfajiri. Mkataba hakuna. Ukichelewa unakatwa posho, ukiumwa unakatwa, ukinenepa unakatwa. Na kupigwa kulikuwepo. Nyuma ya jukwaa, kofi la ghafla kwa kukosea hatua, halafu dakika moja baadaye unatoka unatabasamu kwa sababu watu wamelipa kiingilio. Kaka MpendaSebene, hayo maswali uliyosema unajiuliza siku hizi ukitazama video, kila mnenguaji aliyepita bendi za namna ile anayajua majibu yake.

Nyimbo za ile bendi siku hizi zinapigwa vipindi vya zamani. Nikiwa kwenye daladala ikaja moja, mwili unaitikia kabla akili haijakataa. Kiuno kinajua wapi hatua inabadilika. Kuna siku nashuka kabla ya kituo changu, kuna siku nabaki.

Lakini nataka mjue kitu ambacho naona hakijasemwa. Ile staili iliyoipa bendi jina, ile mliyokuwa mnaigiza kwenye maharusi, tuliitunga sisi wasichana watatu, kwenye uwanja wa mazoezi wenye vumbi. Ikatangazwa kuwa ya bosi. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimeacha kupiga wimbo ule kwa ajili yenu", namshukuru kwa moyo mweupe, lakini na kazi yangu ameiweka kabatini pamoja na ya aliyenipiga.

MpendaSebene

Dada, asante sana kwa kuandika. Sasa ungependa sisi wasikilizaji tufanye nini? Nauliza kwa dhati, maana mimi mwenyewe niliwahi kuomba wimbo wa namna hiyo usipigwe kwenye arusi ya nyumbani.

NilikuwaJukwaani

Kila mtu na moyo wake, kaka. Yule mama wa Nairobi asiulizwe, na mama wa Dodoma aimbe jikoni kwake. Mimi sitaki wimbo ule ufungiwe. Nataka majina. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inatambua hata kazi za uchezaji, lakini sisi hakuna aliyetuambia, na wasichana wa leo wengi pia hawajui. Wakati mwingine mkiandika chini ya video "gitaa la solo ni fulani", kama mnavyopenda wapenzi wa dansi, ulizieni na waliocheza ni kina nani. DJ wa Mwanza, wewe una kipaza sauti. Wataje.

DJ_Kirumba

Dada, nitumie faragha jina la wimbo na majina yenu ya jukwaani, kama uko tayari. Jumamosi nina arusi Misungwi.