Matumbo mabichi ya bucha kwa mbwa: ni chakula cha asili au ni balaa la mtaa?

Mleta mada, Kisauni
Huku kwetu kumezuka mtindo. Wenye mbwa wa kulinda wameacha kununua chakula cha gunia. Jioni wanapita kwa bucha na ndoo, wanapewa matumbo, mapafu na maini yasiyouzika, wanayamwaga uani vivyo hivyo, mabichi. Ukiwauliza wanakwambia ndiyo asili yake, kwani hayo meno ni ya kula wali?

Na mimi nimo. Mbwa wangu nimemlisha hivyo miezi minne na siwezi kukataa: manyoya yameng'aa, na choo chake kimekuwa kidogo, kikavu. Lakini jirani yangu ana watoto wanaochezea mchanga ule ule. Juzi alinibishia hodi, akaniambia kwa adabu kabisa: pika, au acha. Tangu siku hiyo napika. Sasa nasema zaidi: bucha waache kuyagawa mabichi. Anayepinga aje.

Mfugaji, Nyali
Kaka, umeshakiri manyoya yanang'aa halafu unapinga! Kabla James Spratt hajaanza kuuza biskuti za mbwa kule London miaka ya 1860, mbwa walikuwa wakila nini? Gunia lenyewe soma maandishi yake, mara nyingi linaanza na mahindi. Na mahindi ya nchi hii tunayajua. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Ukambani kwa aflatoksini, ile sumu ya ukungu wa nafaka, tena ni binadamu wanaochagua punje. Hata Marekani, mwisho wa 2020, mbwa walikufa kwa chakula cha dukani chenye sumu hiyo hiyo. Mimi nyama naitia friza siku kadhaa, vijidudu vyote vinakufa. Sioni tatizo.

Mhudumu wa mifugo, Likoni
Ndugu wa Nyali, kwenye mahindi niko nawe mia kwa mia. Unga uliovunda usimpe mbwa kwa kuwa eti ni mbwa. Ini lake haliwezi aflatoksini, na kuupika ugali hakuitoi.

Ila jino si hoja. Mwaka 2013 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba mbwa ana nakala nyingi za jeni ya kusaga wanga kuliko mbwa mwitu. Kaishi na watu, kala makombo, tumbo likageuka. Asili ya mbwa koko wa Pwani ni jalalani na mlangoni mwa jikoni, si porini akikimbiza swala.

Sasa hilo ini. Mmeona yale malengelenge yenye maji kwenye ini au pafu la mbuzi? Ni mtoto wa tegu anayeitwa Echinococcus granulosus. Mbwa akilila bichi, tegu wanakomaa utumboni mwake, wadogo, milimita chache tu, na mbwa haonyeshi ugonjwa wowote. Manyoya yataendelea kung'aa! Mayai yanatoka na kinyesi, yanaingia mchangani, mtoto anatia kidole mdomoni. Uvimbe unaota ndani ya ini lake polepole, miaka, mpaka upasuaji. Turkana inajulikana duniani kwa ugonjwa huu, na mifugo ya Kenya husafiri. Ini la namna hiyo mkaguzi wa nyama hulikataa na linatakiwa kuharibiwa, lisifike kwenye ndoo ya mtu.

Friza nayo haiui salmonela, bakteria wa kuharisha, inailaza tu. Stima zikipotea usiku kucha na joto letu hili, inaamka.

Lakini wanaopika nao wana makosa yao. Nyama tupu, mbichi au iliyopikwa, ina kalsiamu kiduchu. Mtoto wa mbwa akikuzwa kwayo miguu hupinda. Mtilie ganda la yai lililosagwa, au dagaa wasio na chumvi, waliochemshwa na mifupa yao. Mfupa wa nyama uliopikwa usimpe, hupasuka vipande vya ncha. Na tafadhali, mabaki ya pilau ya harusi! Vitunguu na thomu huharibu damu ya mbwa, kupikwa hakusaidii. Kila msimu wa harusi naletewa mmoja ufizi mweupe kama karatasi, na mwenyewe anaapa hakumpa kitu kibaya.

Mama watatu, Mji wa Kale
Mimi sifugi mbwa, nafuga watoto. Wanajua mbwa akilamba chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Haya ya mayai ya minyoo mchangani ndiyo nayasikia leo, na mchanga hauoshwi. Shombo la uani kwa watu nimelivumilia. Hili sitalivumilia.

Mwenye bucha, Kongowea
Mnaongea kama matumbo yanajiozea yenyewe kimya. Mkinikataza kugawa, nitayapeleka wapi? Jaani. Na jaani kuna mbwa koko, hao hawana wa kuwapikia, na watakunya mtaani kwenu bure. Leo angalau najua nani kachukua nini.

Mfugaji, Nyali
Asante mzee. Semeni tena.

Mleta mada, Kisauni
Mzee wangu, hapo umenishika, sikuwa nimelifikiria. Lakini hulijibu la maini yenye malengelenge: hayo hayatakiwi kufika kwako kwanza, wala kwangu, wala jaani. Yakifika, mkaguzi kayapita.

Yaliyobaki, yaliyo safi, nauliza hivi. Kwako kuna sufuria la supu ya vichwa linalokesha motoni. Ukichemsha na matumbo yetu, ukatuuzia shilingi ishirini ndoo, utakataa? Mimi nitaleta kuni.

Mwenye bucha, Kongowea
Sufuria la supu? Wateja wangu wasikie! Leta sufuria lako. Na ishirini ni kidogo.