Mdogo wangu kakatwa kinyama cha paja, majibu yanasema tatizo ni mitokondria (vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli). Naombeni ushauri

Kaka_Mkubwa: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mdogo wangu wa kike ana miaka 26. Ilianza na kope kushuka: picha zote za harusi ya binamu yetu kainua kidevu ili aone. Siku hizi akisuka nywele, mikono inachoka hata mstari mmoja haujaisha. Katibiwa mayasthenia, ule ugonjwa wa misuli kuchoka haraka, mwaka mzima, wapi. Sasa kinyama cha paja kimeonyesha nyuzi za misuli nyekundu zenye kingo zilizochakaa, nyingine hazina kimeng'enya cha COX. Mama kasikia ugonjwa hutoka kwa mama, halali, analia tu.

Mpaka_Rangi: Pole sana mkuu. Kazi yangu ni hiyo, maabara. Kinyama kikigandishwa tunakikata vyembamba na kukipaka rangi ya Gomori. Nyuzi nzima hutoka kijani-bluu, zilizougua zina wekundu umerundikana pembezoni. Wekundu ule ni mitokondria: seli imepungukiwa nguvu, ikazidi kuzizalisha, kumbe nazo mbovu vilevile. Kukosa COX ni kwamba hatua ya mwisho ya kutumia oksijeni imekwama. Muulizeni daktari nyuzi hizo ni ngapi katika mia. Kwa mzee, chache si ajabu. Kwa miaka 26 hata chache zina uzito.

Nesi wa Zamu: Mwambie mama asijilaumu, nakuomba. DNA ya mitokondria kweli hutoka kwa mama, lakini kope kulegea na macho kushindwa kuzunguka mara nyingi huletwa na kipande kikubwa cha DNA hiyo kukatika, jambo ambalo kwa kawaida hujitokea lenyewe bila kurithiwa. Na zipo jeni nyingine zinazoweza kutoka hata kwa baba. Kipimo cha jeni kifanyike kwenye msuli, maana damu ya mtu mzima inaweza isionyeshe. Masikio na sukari vipimwe pia. Akipata degedege, daktari ajue ana nini kabla ya kuandika dawa ya degedege iitwayo sodiamu valproeti, kwa wagonjwa hawa inaweza kuumiza ini vibaya.

Moyo je? Kashapigwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo?

Kaka_Mkubwa: Bado. Ila mwezi uliopita alianguka akipanda ngazi, akazinduka baada ya muda mfupi. Tukadhani njaa.

Nesi wa Zamu: Mkuu, msisubiri kliniki. Umeme wa moyo unaweza kukatika kwa ugonjwa huu, na kifaa cha kuusukuma kipo. Mpelekeni dharura usiku huu, na karatasi ya majibu mkononi.

Kaka_Mkubwa: Tumeita bajaji.