Bidhaa za kibanda zimejaa chumbani na leso zimeanza kunuka uvundo, nizihifadhi vipi?

Mama Madera
Assalam aleikum. Mji wa Kale wa Mombasa umefungwa tangu tarehe 6 Mei 2020 kwa sababu ya korona, na bidhaa zote nimezihamishia nyumbani, Kibokoni. Chumba ni futi 12 kwa 10, dirisha moja la mbele, mlango wa nyuma unatokea ukumbini. Tunalala watu watatu, mmoja mtoto wa miezi minne. Kuna leso mpya za pamba, madera, mabuibui, kofia za vito na robota moja la mitumba la kilo 45, nusu limefunguliwa. Nimezipanga toka sakafuni hadi juu upande wa ukuta wa mawe, nyengine ziko uvunguni. Masika hii haishi. Leso za chini zinanuka uvundo, kofia mbili zina madoa meusi, na mende wamezidi. Nimeshauriwa nitie vidonge vya naftalini na nifukize udi kila jioni. Ni sawa? Na chumba nikipange vipi ili pawe na pa kuishi?

Fundi wa Kuze
Waaleikum salaam, dada. Naftalini usiitie hata kidonge kimoja. Mvuke wake mtavuta usiku kucha, na mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe za damu), hali ya kurithi isiyo nadra hapa pwani, chembe zake za damu zinaweza kuvunjika hata kwa kuvikwa tu nguo iliyohifadhiwa na vidonge hivyo. Udi nao utaficha harufu na kawa, yaani ukungu wa nguo, itabaki pale pale, tena moshi ndani ya chumba kimoja na mtoto haufai.

Adui wako ni ukuta. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mawe hayo hunyonya maji ya ardhini na ya mvua. Nguo ikiuegemea nayo hunyonya. Leso mpya na kofia zina dondo, wanga wa kukazia nguo, na dondo ni chakula cha kawa na cha mende pia. Mabuibui ni ya poliesta na hayana dondo, ndiyo maana bado yako salama.

Anza kwa kuvuta marundo yote. Acha mwanya wa sentimita 10 kutoka ukutani, na chini weka matofali na mbao zilizoachana vidole viwili ili hewa ipite. Rundo lisizidi kimo cha kiuno, maana za chini zikibanwa hewa haiingii, na kila wiki za chini zije juu. Uvunguni toa kila kitu cha pamba, pale ndipo pabaya kuliko pote. Mabuibui na mitumba ya poliesta yanaweza kubaki huko, juu ya mbao.

Jua likitoka, panda darini saa nne asubuhi na uanue kabla ya saa kumi. Jioni hewa hupoa na unyevu hurudi, hivyo nguo iliyoachwa hadi magharibi inakuwa imeshakunywa tena. Leso za rangi kali anika upande wa ndani ukiwa nje, au kivulini penye upepo, zisipauke. Ukishaanua ziache zipoe robo saa. Zikifunikwa zingali moto hutoa jasho ndani ya chombo.

Zilizokauka sawasawa tia kwenye ndoo za lita 20 zenye vifuniko vya kubana. Juu weka kopo la chumvi ya mawe, nusu kilo, mdomo umefungwa kitambaa. Chumvi huanza kuvuta maji unyevu ukipita kama asilimia 75, na usiku wa masika Mombasa hupita hapo. Ikilowa ikaange kwenye sufuria mpaka ikauke, uirudishe. Lakini haikaushi nguo mbichi. Nguo yenye unyevu ndani ya ndoo iliyofungwa itaoza mbele ya chumvi yako.

Sabuni na Maji
Zilizokwisha kuingia kawa zitenge leo hii, vumbi lake huambukiza nyengine. Zisugue kwa brashi kavu nje, umevaa barakoa. Kisha roweka kwa siki nyeupe, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, nusu saa, halafu ufue kwa sabuni. Kwanza bonyeza pembe ya leso kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi, ifue peke yake.

Jik, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ni kwa pamba nyeupe tu: robo kikombe kwa lita 5 za maji baridi, isizidi dakika 15. Suuza siki yote kabla ya kutia Jik. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na ndani ya chumba kama hicho ni hatari kubwa.

Usianike nguo mbichi chumbani. Maji yake yote yataishia kwenye hizo kavu.

Upepo wa Kusi
Naongeza la kulala. Mabuibui meusi yaliyotundikwa ni maficho ya mbu, na hapa tuna dengue, mbu wake huuma mchana. Yatundike mbali na neti, uyakung'ute kila asubuhi. Njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni iwe upana wa mabega, bila rundo hata moja, kwa sababu ya moto. Jiko liwe mita moja kutoka nguo yoyote, na la makaa lisiwashwe ndani kabisa. Feni moja ielekeze nje dirishani na mlango wa nyuma uwe wazi. Hivyo inatoa hewa nzito. Ukiielekeza kwenye nguo inazungusha unyevu ule ule.

Mama Madera
Mwenyezi Mungu awalipe. Kofia zikifuliwa dondo itatoka, zitalegea. Hazitaharibika umbo?

Fundi wa Kuze
Dondo acha itoke. Zikiwa bado mbichi zivike kwenye bakuli la ukubwa wa kichwa zikaukie hapo, uzihifadhi hivyo hivyo laini. Dondo utazitia siku mbili kabla ya kurudi kibandani.