Tupeane uzoefu: katibu wa ofisi ya wakili analipwa kiasi gani, Dar, mikoani na kwa majirani

Wakuu, swali hili huwa linajibiwa kwa namba tupu, na namba tupu haimsaidii mtu anayekwenda kukaa mezani na bosi. Mwenye hesabu ya mkoa wake aiweke hapa na maelezo yake: mkataba unasema nini, mkononi inabaki ngapi, na kazi gani inapandisha dau.

Dar es Salaam

Tuanze na sheria. Tanzania Bara kima cha chini cha sekta binafsi kinapangwa kwa sekta, hakipangwi kwa mkoa. Amri mpya iliyoanza 1 Januari 2026 ilipandisha wastani kutoka 275,060 hadi 358,322. Kwa hiyo ofisi ya wakili iliyopo Posta na iliyopo Kasulu zina sakafu moja kisheria. Tofauti yote unayoisikia iko juu ya hapo, na inatoka kwenye makubaliano.

Ukitajiwa mshahara, uliza kwanza kama ni kabla ya makato au mkononi. NSSF yako (mchango wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 10, nayo hutolewa kabla ya kodi. Mshahara wa 400,000 unakuachia 352,800. Wa 700,000 unakuachia 588,000. Wa 1,000,000 unakuachia 797,000. Bosi naye kwenye ile 700,000 anaongeza NSSF 70,000 na mfuko wa fidia 3,500, na akiwa na wafanyakazi kumi au zaidi kuna tozo ya ufundi stadi ya asilimia 3.5. Ukiijua gharama yake halisi, unajua pa kusukuma na pa kuacha.

Zipo ofisi zinazoahidi "laki sita mkononi" bila kuandika mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Hapo michango hupelekwa kwa kiwango kidogo, au haipelekwi kabisa. Dai mshahara ghafi uandikwe kwenye mkataba, kisha kagua taarifa yako ya NSSF kila mwezi. Usisubiri siku ya kuondoka.

Mwanza

Naongezea saa za ziada, maana huku ndiko pesa ya makatibu wengi inakopotelea. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Ili upate malipo ya saa moja, unagawa mshahara wa mwezi kwa 195 (4.333 mara 45). Ofisi nyingi zinagawa kwa 240, yaani siku 30 mara saa 8, na hapo unaliwa. Mshahara wa 600,000 ukigawa kwa 195 unapata 3,077. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, 4,615. Jumapili kama ndiyo siku yako ya mapumziko, au sikukuu, ni mara mbili, 6,154. Wakigawa kwa 240 saa ya ziada inashuka hadi 3,750. Ukomo ni saa 50 za ziada katika wiki nne.

Ofisi za Kanda ya Ziwa zenye kesi nyingi za kazi, hasa za migodini, zina mbio zake: lalamiko la kuachishwa kazi lina siku 30 kufika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na maombi ya marejeo Mahakama Kuu yana siku 42. Mafaili hayo huja dakika za mwisho, kwa hiyo suala la saa za ziada likubaliwe siku ya kusaini mkataba.

Dar es Salaam

Kinachopandisha dau hasa ni karatasi kutorudishwa na mahakama. Kasi ya kuchapa wengi wanayo. Angalia hati ya kiapo: pale chini, kamishna wa viapo anapogonga muhuri, lazima pawe na mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Pakibaki wazi, upande wa pili unaweka pingamizi na maombi yanaweza kutupwa. Katibu anayekagua hapo, akahakikisha viambatisho vina alama zinazolingana na aya, akapandisha faili kwenye mfumo wa mahakama na kupata namba ya malipo ya ada mapema, anamwokolea wakili kesi nzima. Halafu kalenda: utetezi wa maandishi ni siku 21 tangu kupokea wito, taarifa ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani ni siku 30. Kama kalenda hiyo iko mikononi mwako, iingize kwenye maelezo ya kazi kabla ya kuomba nyongeza.

Dodoma

Kwa upande wa serikali, mkoa haubadilishi mshahara: daraja moja, malipo yale yale, uwe Dodoma au Kigoma. Tangu Julai 2025 kima cha chini ni 500,000. Nafasi siku hizi inatangazwa kama Mwandishi Mwendesha Ofisi, na sharti linalowaangusha wengi ni hatimkato (mwandiko wa haraka wa alama) ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika. Bila cheti cha hatimkato hata uzoefu wa miaka mingi kwenye ofisi za mawakili hautakuvusha.

Arusha

Arusha ina soko jingine kabisa: Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu. Hizi hulipa kwa madaraja yao wenyewe, hazifuati soko la mtaani. Mahakama ya Afrika inatumia madaraja ya Umoja wa Afrika, na makatibu wako kwenye kundi la GSA, la watumishi wa huduma za jumla. Soma tangazo lote: uraia, lugha na aina ya mkataba ndivyo vinavyochuja kwanza. Kifaransa kizuri hapa ni mtaji.

Mombasa

Huku Kenya ni tofauti, sheria yenyewe inagawa maeneo. Kwa amri ya Novemba 2024 kibarua wa kawaida katika majiji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu hapungui shilingi za Kenya 16,113 kwa mwezi, na nje ya miji karibu 8,600. Wapiga chapa na makarani wana viwango vyao juu ya hapo, kwa mgawanyo huo huo wa maeneo. Kiwango hicho hakijajumuisha nyumba: mwajiri asipokupa makao anaongeza asilimia 15. Akisema mshahara ni "wa pamoja", neno hilo liwe kwenye mkataba, la sivyo unadai nyumba juu yake.

Makato: mshahara wa 50,000 unatoa NSSF 3,000, SHIF (bima ya afya) 1,375, ushuru wa nyumba 750 na kodi kama 5,846. Mkononi inabaki karibu 39,000. Anayehama kutoka Voi kuja Mombasa apige hesabu hiyo kabla ya kuangalia kodi ya nyumba Bamburi.