Mrejesho: breki ya mbele kulia inayoshika kwenye gari-nyumba la zamani

Asanteni kwa majibu. Kwa aliyepitwa: gurudumu lilikuwa linabaki limeshikwa baada ya kuachia pedali, rimu inachemka, gari linavuta kulia. Wengi mlisema ni kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski. Kalipa ni nzima.

Kipimo kilichomaliza ubishi: inua gurudumu kwa jeki, kanyaga breki, achia. Likigoma kuzunguka, legeza nati iliyo kwenye kalipa, ile ya kutolea upepo ulionaswa ndani ya mafuta ya breki. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, basi ni presha iliyonaswa, si pistoni iliyokwama. Funga, rudia, ila sasa legeza kiungo cha bomba la chuma kabla ya mpira wa breki, yaani bomba laini linalofikisha mafuta kwenye kalipa. Hapo halikuachia, kwa hiyo mpira umevimba ndani. Nguvu ya mguu inapitisha mafuta, lakini kurudi hayana msukumo wa kutosha. Kwa nje unaonekana mzima kabisa, ndiyo maana unadanganya mafundi.

Mipira yote imebadilishwa, pamoja na ule wa ekseli ya nyuma, maana umri wao ni mmoja. Upepo ulitolewa kuanzia gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali. Mafuta ya zamani yalitoka meusi kama kahawa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu kiwango cha kuchemka hushuka hadi karibu 155, na kwenye mteremko mrefu pedali huzama. DOT 5 ya silikoni msichanganye humo.

Mpira wa gesi ya jiko nao tarehe imepita. Unafuata.