Wakuu, Privoxy haijiwashi yenyewe asubuhi kwenye Windows 7, naomba msaada

MamaSteshenari | Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za usiku. Nina steshenari ndogo yenye kompyuta mbili. Moja ina Windows 7, nyingine ni ya zamani zaidi, XP, na siwezi kuiacha kwa sababu ndiyo pekee inayoelewana na skana yangu. Zote zinapata intaneti kwenye ruta moja ya laini ya simu, na bando nanunua kwa hela yangu mwenyewe, kwa hiyo kila MB nina uchungu nayo.

Mwaka jana kijana mmoja aliniwekea Privoxy kwenye hiyo Windows 7. Ni proksi, yaani inakaa katikati ya kivinjari na intaneti, matangazo mengi yanaishia hapo bila kushuka. Akaelekeza vivinjari vya kompyuta zote mbili vipitie humo, poti (namba ya mlango) 8118. Tofauti niliiona siku hiyohiyo, bando lililokuwa likiisha Alhamisi likaanza kunifikisha Jumapili.

Shida ni kwamba haijiwashi. Kila asubuhi lazima mtu aende Start, aitafute, aibonyeze, mpaka ile herufi P itokee kule chini karibu na saa. Nikiwepo mimi si tatizo. Ila anayefungua duka ni binti ninayesaidiana naye, na yeye anaingia kwa akaunti yake, si yangu. Juzi nimefika nikakuta foleni ya wanafunzi watano wa maombi ya mkopo wa chuo, binti anasema mtandao umekata tangu saa 2, na ruta ameizima na kuiwasha mara tatu. Mtandao ulikuwepo! Firefox ilikuwa imeandika kwamba seva ya proksi inakataa kuunganishwa, naye hakuelewa hiyo proksi ni kitu gani. Wawili walikuwa wameshaondoka, na mmoja wao alikuwa ametoka kijijini kwa basi la alfajiri. Iliniuma sana.

Nimejaribu kuweka njia ya mkato ya Privoxy kwenye folda ya Startup. Nikiingia mimi inawaka, akiingia binti haiwaki. Nifanyeje? Windows 7 yangu ni ya biti 32. Natanguliza shukrani.

Bisibisi | saa 3:05 usiku

Pole dada. Hapo hujakosea sana. Kila akaunti ina folda yake ya Startup, na wewe umeweka kwenye ya kwako. Ipo nyingine ya watu wote. Fungua Explorer, kwenye ule upau wa anwani andika hivi kisha Enter:

C:\ProgramData\Microsoft\Windows\Start Menu\Programs\Startup

Nimekwambia uandike kwa sababu ProgramData imefichwa, ukiitafuta kwa macho hutaiona. Hamishia njia yako ya mkato humo, ukiifuta ile ya kwanza. Yeyote atakayeingia itamwakia.

Mtoto wa Pongwe | saa 3:11 usiku

Na kwa sisi wenye XP tupu je? Nina moja nyumbani.

Bisibisi | saa 3:14 usiku

Kwa XP ni C:\Documents and Settings\All Users\Start Menu\Programs\Startup. Njia rahisi, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya Start, chagua "Open All Users", halafu Programs, halafu Startup.

Kebo_ya_Njano | saa 3:52 usiku

Bisibisi amesema kweli, ila dada soma tena maelezo yako mwenyewe. Kompyuta ya pili inategemea Privoxy ya kompyuta ya kwanza. Folda ya Startup, iwe yako au ya wote, inamsubiri mtu aandike nywila na kuingia. Umeme ukikatika na kurudi, Windows 7 ikabaki imesimama kwenye ukurasa wa kuchagua jina, basi XP nayo haina intaneti. Na akaunti mbili zikiwa wazi kwa pamoja, Privoxy ya pili itakuta poti 8118 imeshashikwa na mwenzake, italeta ujumbe wa kosa mbele ya mteja.

Unachohitaji ni kuigeuza iwe huduma ya Windows, yaani ianze pamoja na mashine kabla ya mtu yeyote kuingia. Privoxy ina uwezo huo ndani yake tangu toleo 3.0.5, huhitaji programu nyingine ya kusaidia.

Kwanza funga Privoxy iliyowaka, na ondoa njia za mkato zote kwenye Startup, hata hiyo ya Bisibisi. Kisha nenda Start, andika cmd, lakini usibonyeze Enter. Bonyeza kitufe cha kulia juu yake, chagua "Run as administrator". Watu wengi wanakwama hapa, maana kwenye Windows 7 hata kama akaunti yako ni ya msimamizi, dirisha la kawaida halina mamlaka hayo. Ndani yake andika:

cd "C:\Program Files\Privoxy"
privoxy --install

Alama za nukuu usiziache, jina la folda lina nafasi katikati. Ukimaliza tupe jibu.

MamaSteshenari | Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Mkuu Kebo nimefanya, imekubali. Nimezima na kuwasha. Haijawaka. Ile P haipo kabisa, na Firefox inakataa kama kawaida. Nirudie?

Kebo_ya_Njano | saa 1:48 asubuhi

Usirudie. Kuna mambo mawili.

Ile P hutaiona tena, na ni sawa. Privoxy ikiwa huduma haina ikoni pale chini. Mwambie na binti, asije akaenda kuiwasha kwa mkono kwa kuona P haipo.

La pili, --install inaiandikisha tu. Usipoingia mwenyewe kurekebisha mipangilio ya huduma, haianzi. Andika services.msc kwenye Start, tafuta Privoxy kwenye orodha, ibonyeze mara mbili. Penye "Startup type" weka Automatic. Kisha nenda kichupo cha "Log On". Hapo lazima kuwe na akaunti ambayo ipo kweli kwenye mashine. Wengi wanaweka Local System kwa sababu haibishani na kitu, ila akaunti hiyo ina mamlaka ya kila kitu, na programu inayopokea vitu kutoka intaneti mimi siipi mamlaka hayo. Chagua "This account", andika NT AUTHORITY\LocalService, nywila acha wazi.

Sasa akaunti hiyo haina ruhusa ya kuandika ndani ya Program Files, na Privoxy isipoweza kufungua faili lake la kumbukumbu inazima palepale. Kwa hiyo tengeneza folda C:\PrivoxyLog. Ibonyeze kitufe cha kulia, Properties, Security, Edit, Add, andika LOCAL SERVICE, mpe "Modify". Halafu fungua Notepad kama msimamizi, fungua config.txt iliyo ndani ya folda ya Privoxy, tafuta mstari unaoanza na logdir, ubadilishe uwe:

logdir C:\PrivoxyLog

Hifadhi, rudi kwenye services.msc, bonyeza Start.

MamaSteshenari | saa 3:20 asubuhi

IMEWAKA! Nimezima kompyuta, nikaiwasha, sijaingia kwenye akaunti yoyote, nikaenda moja kwa moja kwenye XP nikafungua gazeti. Limefunguka. Nimemwita binti aje aone. Mungu akubariki mkuu.

Bisibisi | saa 3:33 asubuhi

Hongera dada. Siku ukiwa na shaka, fungua kivinjari uandike http://p.p/ tu. Ukipata ukurasa wa Privoxy wenyewe, basi ipo hai na unapita ndani yake. Huu nao umfundishe binti, ni herufi mbili tu.

MamaSteshenari | Alhamisi, saa 12:50 jioni

Wakuu nimerudi. Leo mchana umeme ulikatika kama dakika 20. Uliporudi, kompyuta ya Windows 7 ikajiwasha yenyewe, nimeiweka hivyo. Privoxy haikuwaka. Nimeingia services.msc nikabonyeza Start, ikawaka bila shida yoyote. Kwa nini siku mbili iwe nzuri halafu leo igome? Kwenye C:\PrivoxyLog kuna faili, mstari wa mwisho kabla haijazima unataja 192.168.1.5:8118 na neno bind.

Kebo_ya_Njano | saa 1:15 usiku

Vizuri umesoma faili, jibu lote lipo kwenye huo mstari. Nipe mstari wa listen-address ulio kwenye config.txt.

MamaSteshenari | saa 1:22 usiku

listen-address 192.168.1.5:8118

Kebo_ya_Njano | saa 1:58 usiku

Ndiyo hapo. Yule kijana aliiambia Privoxy isikilize kwenye anwani ya kompyuta kwenye mtandao wa duka, ili XP iweze kuifikia. Wala hakukosea. Lakini anwani hiyo inakuwepo pale tu kompyuta inapokuwa imeunganika na ruta. Siku za kawaida ruta yako inakuwa imeshawaka. Umeme ukirudi, vyote viwili vinaanza pamoja, na ruta ya laini mpaka ikae sawa inachukua muda. Huduma ikaanza, ikajaribu kuishika 192.168.1.5 (ndiyo hiyo bind), ikakuta bado haipo, ikakata tamaa na kuzima. Ulipobonyeza Start baadaye ruta ilikuwa imeshawaka.

Ungeweza kuchagua "Automatic (Delayed Start)" kwenye services.msc, Windows 7 inayo. Hiyo inaisubirisha kama dakika 2 baada ya huduma nyingine kuanza. Siipendi kwako, kwa sababu kila asubuhi binti atakaa hizo dakika mteja akiwa mbele yake, na siku ruta ikichelewa zaidi unarudi palepale.

Badala yake ondoa anwani, acha poti tu:

listen-address :8118
permit-access 127.0.0.1
permit-access 192.168.1.0/24

Mstari wa kwanza unasema sikiliza kwenye anwani zote, zilizopo na zitakazokuja, kwa hiyo haihitaji kuisubiri ruta. Sasa kuacha wazi hivyo bila ulinzi si vizuri, ndiyo maana ya ile miwili ya chini: 127.0.0.1 ni kompyuta hiyohiyo yenyewe, na 192.168.1.0/24 ni vifaa vyote vya mtandao wa duka. Ukishaandika permit-access hata mmoja, wengine wote wanakataliwa. Usisahau huo wa 127.0.0.1, usipouandika na vivinjari vya kompyuta hiyohiyo vinapita humo, utajifungia nje mwenyewe.

Firefox ya kompyuta ya kwanza iweke 127.0.0.1 poti 8118. Ya XP ibaki na 192.168.1.5, na kwenye ruta hakikisha anwani hiyo imefungiwa kompyuta ya kwanza isije ikapewa simu ya mtu.

Bi Nukta | saa 2:30 usiku

Samahanini kuingilia, proksi mmeimaliza vizuri. Mwenzangu MamaSteshenari, mimi nina wasiwasi na hiyo XP. Umesema wanafunzi wanajaza fomu za mkopo. Wanazijazia kompyuta gani?

MamaSteshenari | saa 2:41 usiku

Foleni ikiwa ndefu, zote mbili dada.

Bi Nukta | saa 3:10 usiku

Nakuomba sana uache. XP iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Firefox ya mwisho kuikubali ni 52, nayo ilifungwa 2018. Mtoto wa mtu anaandika hapo nywila, namba ya kidato cha nne, namba ya kitambulisho cha mzazi. Privoxy inazuia matangazo, haizibi matundu ya Windows. Tena kurasa hizo za fomu zimefungwa kwa HTTPS, yaani mawasiliano yamefumbwa yasisomwe njiani. Kwa mipangilio yako, Privoxy inaweza kuzuia tovuti nzima isifikiwe, lakini haioni kinachopita ndani ya ukurasa. Windows 7 nayo ilifungiwa masasisho Januari 2020, ila angalau Firefox 115 inaikubali.

XP iache kwa skana peke yake. Picha uzihamishe kwa mtandao wa ndani ya duka, na kwenye ruta uifungie isitoke nje.

MamaSteshenari | Jumamosi, saa 4:05 asubuhi

Wakuu mrejesho. Mistari mitatu nimeiweka Alhamisi ileile. Jana umeme umekatika mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwepo, nikakaa kimya nikaangalia. Kompyuta imewaka, taa za ruta bado zinamulika nyekundu, nikafungua p.p na ukurasa wa Privoxy ukaja hata kabla intaneti haijarudi. Mara ya pili nilikuwa sokoni. Nikampigia binti kumuuliza, akaniambia ameshaangalia p.p na anaendelea na mteja.

Dada Bi Nukta, XP nimeitoa kwenye intaneti jana jioni. Nimebandika karatasi juu yake, SKANA TU. Foleni itakuwa ndefu kidogo, wateja nimewaeleza sababu na wameelewa. Kebo, bado naogopa kuifungia kwenye ruta, kwa sasa nimeondoa tu proksi na lango lake (gateway, ile anwani ya kutokea nje). Hapo imetosha?

Kebo_ya_Njano | saa 4:20 asubuhi

Kwa leo imetosha, lakini mtu akiandika lango tena inatoka. Ukifunga duka jioni fungua ukurasa wa ruta, nipe jina la modeli yake, tutafanya pamoja.